UZI: Riti ya Zaire si ngoma tu. Namna ya kuiandaa parokiani, na mahali inapoharibika

Katekista_Kadutu

Wandugu wa Bukavu, Uvira na Goma, amani ya Kristu iwe nanyi.

Sikukuu za wasimamizi wa parokia zinakuja, na tangazo ni lile lile kila mahali: Misa itasomwa kwa riti ya Zaire, yaani utaratibu wa Misa wa Kanisa Katoliki la Kongo. Siku ikifika tunaona Misa ya kila Dominika, imeongezewa ngoma, vitenge na saa nzima ya ziada. Nafungua uzi huu tusaidiane kuiandaa kama ilivyoandikwa, kwa sababu imeandikwa. Ni Kitabu cha Misa cha Kiroma kwa majimbo ya Zaire, jina la Kongo wakati ule. Roma ilikipitisha tarehe 30 Aprili 1988, baada ya kazi ya karibu miaka 20 ya maaskofu wetu, Kardinali Malula wa Kinshasa akiwa mstari wa mbele. Paroko haombi ruhusa Roma ili akitumie. Lakini hana pia ruhusa ya kuchukua vipande vitamu na kuacha vingine.

Na kinachoachwa mara nyingi ndicho kiini chenyewe: mfuatano. Misa ya kawaida inaanza na toba, halafu Neno. Katika riti yetu Neno linatangulia toba. Masomo, Injili, mahubiri, Nasadiki. Hapo ndipo tunatubu. Tunanyunyiziwa maji, tunapeana amani, tunasali sala ya waamini, na baada ya hayo matoleo yanapanda kwenda altareni.

Aliyewahi kukaa kwenye barza ya wazee anaelewa haraka. Mkosaji haambiwi "kiri" kabla shauri halijasomwa. Linasomwa kwanza, linajadiliwa, kila mtu anaona kosa liko wapi, ndipo mkosaji anainama. Akishasamehewa anapeana mkono na mwenzake, na baada ya mkono kinakuja chakula. Yezu mwenyewe alipanga hivyo katika Matayo 5, 23-24: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako mbele ya altare, kapatane naye kwanza, ndipo urudi utoe. Katika riti hii amani inatangulia matoleo, na mistari ile miwili inatendeka mbele ya macho ya watu.

Sasa angalieni kinachotokea. Paroko ana haraka, au mgeni aliyealikwa kuongoza hakuona mpangilio. Anaanza na "Nakuungamia" kwa mazoea. Mtangazaji anaogopa kumkumbusha. Ikifika baada ya Nasadiki, toba inarukwa maana ilishafanyika, na amani inarudishwa kabla ya komunyo. Kilichobaki ni ngoma. Dawa yake ni ndogo: karatasi moja yenye mfuatano wote, herufi kubwa, juu ya altare na nyingine mkononi mwa mtangazaji. Na dakika 15 za kumweleza padri mgeni siku moja kabla. Mkimweleza sakristiani huku anavaa kazula, vazi la Misa, mmechelewa.

Mtunza_Sakristia

Asante Katekista. Naongeza upande wa vitu na nafasi, maana riti hii huangukia hapo pia.

Altare. Mwanzoni padri haibusu tu upande mmoja. Anaizunguka, na kwenye kila upande kati ya pande 4 anainua mikono kama herufi V, anainama na kuigusa kwa paji la uso. Baadaye wakati wa wimbo wa Utukufu watumishi wote wanacheza kuizunguka. Kwa hiyo altare iliyosukumwa ukutani, au iliyozibwa mbele kwa vyungu vya maua, haifai. Acheni nafasi ya mita 1.5 kila upande. Maua yahamie chini ya ambo, mahali pa kusomea Neno. Nyaya za mikrofoni zifungwe sakafuni kwa utepe wa gundi, kwa sababu alba, ile kanzu nyeupe, ni ndefu na mtu anayecheza haangalii chini.

Wachezaji msiwarundike. Eneo la altare la mita 6 kwa 8 linabeba watu 12 pamoja na padri. Wakifika 20 wanagongana na chetezo yenye makaa. Hatua iwe moja tu kwa wote, kushoto na kulia, polepole, padri akiwa ndani yake. Padri akisimama anapiga makofi huku watoto wanacheza, inakuwa burudani anayotazama.

Maji ya kunyunyizia: kwa kanisa la watu 800, ndoo ya lita 5 inatosha, igawanywe katika vyombo viwili. Matawi ya sipresi yanashika maji vizuri na hayadondoshi majani juu ya watu. Yakatwe asubuhi ile ile, urefu wa sentimita 40, matatu yafungwe pamoja. Brashi ndogo ya shaba inafikia safu mbili za kwanza tu. Walioko nyuma hawaguswi hata na tone, na hao mara nyingi ndio waliotembea kutoka mbali.

Jambo la mikuki. Kuna parokia ambako watumikiaji wanamsindikiza padri na mikuki, kama wasindikizaji wa mfalme. Maana yake inaeleweka. Kwa hapa Kivu naona afadhali washike matawi au fimbo za wazee. Watoto wetu wameona silaha za kutosha.

MamaKorali_Ibanda

Kwa upande wa nyimbo, tatizo kubwa ni tuni zilizotungwa kwa lugha nyingine na kuvalishwa maneno ya Kiswahili.

Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. U-tu-hu-ru-MI-e. Chukua tuni ambayo mpigo wake mzito na noti ndefu viko mwishoni, watu wataimba "utuhurumiEEE", na neno limevunjika shingo. Mnajua barabara na barabara: ukikaza "ba" ya pili ni njia, ukikaza "ra" ya kwanza ni sawasawa. Mkazo si pambo. Jaribio ni rahisi: someni maneno kwa sauti ya kawaida, pigeni kofi kwenye silabi inayokazwa, kisha imbeni. Kofi na mpigo wa ngoma vikiachana mara mbili katika mstari mmoja, rekebisheni tuni au badilisheni mpangilio wa maneno. Wanaotunga kwa Mashi, lugha ya watu wa Bushi huku Bukavu, wana kazi ngumu zaidi, kwa sababu Mashi ni lugha ya toni. Sauti ikipanda mahali inapotakiwa kushuka, neno linaweza kugeuka neno lingine kabisa.

Ngoma 3 zinatosha. Kubwa inashika mpigo, ya kati inajibu, ndogo inapamba. Ile kubwa isiwe karibu na mikrofoni ya mtangazaji, iwe umbali wa mita 4 au zaidi. Umeme ukikatika, korali ya watu 40 isiyozoea kuimba bila kinanda itapotea sauti kabla ya beti ya pili. Fanyeni zoezi moja zima bila umeme, na mtu mmoja awe na kazi ya kutoa noti ya kuanzia.

Tena, ngoma inyamaze padri anaposali kwa sauti. Sala Kuu ya Ekaristi katika riti hii ina viitikio vingi vya watu, na wapigaji wanapenda kujaza kila pengo. Utangulizi wake unamshukuru Baba kwa ajili ya mito, maziwa na samaki wake, misitu, mbuga, milima. Watu wa kando ya Ziwa Kivu wanapaswa kusikia maneno hayo wazi. Ngoma na gongo vina mahali pake: padri akiinua mwili na damu ya Bwana. Juu ya maneno ya Yezu, kimya.

Mwanafunzi_wa_Biblia_Goma

Shalom. Mimi ni Mprotestanti, nimefuata uzi kwa makini. Mfuatano wa Neno, toba, amani, sadaka nimeupenda, hata kwetu maandalizi ya Meza ya Bwana yanaelekea huko, kwa sababu ya 1 Wakorintho 11:28. Lakini ndugu Katekista umeruka jambo moja. Mwanzoni mwa ibada hiyo mnawaita mababu. Nauliza kwa heshima: Kumbukumbu la Torati 18:11 inakataza kutafuta neno kwa wafu, na 1 Timotheo 2:5 inasema mpatanishi ni mmoja. Wamisionari wa kwanza waliwaambia wazee wetu waache mizimu. Mtu anayesali asubuhi, kisha usiku anakwenda kwa mganga, akisikia mababu wakitajwa kanisani, si ataona njia zake zote mbili zimebarikiwa?

Msomaji_wa_Mulago

Swali zuri, Mwanafunzi, na wengi wa kwetu pia wanaliuliza kimoyomoyo. Niruhusu nilijibu kirefu kidogo.

Kwanza, kinachosemwa. Mwito unaanza na Bikira Maria, unafuata mtakatifu msimamizi na watakatifu wote, ndipo mababu. Na si mababu wote. Ni wenye moyo mnyoofu, wale waliomtafuta Mungu na kumtumikia kwa msaada wake yeye. Babu aliyeuza watu wa ukoo wake utumwani hayumo. Ombi ni moja kwa wote: muwe pamoja nasi, sisi tunaoadhimisha. Hawaulizwi neno. Hakuna anayepiga ramli, hakuna anayesubiri jibu. Kumbukumbu la Torati inakataza kuulizia siri kwa wafu, na mwito huu hauulizi kitu. Uko karibu na Waebrania 12:1, wingu kubwa la mashahidi wanaotuzunguka.

Pili, kwa nini Kanisa linathubutu. Hati ya Lumen Gentium ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya 1964, namba 16, inafundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo wa kweli na kutenda mapenzi yake jinsi dhamiri inavyowajulisha, wanaweza kupata wokovu. Warumi 2:14-15 imeshaweka msingi. Tukiamini hivyo, wako mabibi na mababu wa Bushi waliofika kwa Mungu kabla ya padri wa kwanza kuonekana ziwani. Kuwanyamazia ni kama kusema Mungu alianza kuwapenda watu wa hapa siku ile mashua ya wamisionari ilipotia nanga.

Tatu, teolojia yenyewe. Padri Vincent Mulago, mtoto wa Bushi, aliandika kuhusu muungano wa uhai: walio hai, waliokufa na watakaozaliwa wanashiriki uhai mmoja unaotoka kwa Mungu. Alikuwa kati ya mapadri weusi walioandika kitabu cha pamoja cha 1956, wakidai haki ya kufikiri imani yao wenyewe. Baadaye Bénézet Bujo, wa Ituri, akamwita Kristu Babu wa Kwanza. Msikilizeni vizuri hapo. Hasemi kwamba Kristu ni mmoja wa mababu. Anasema Kristu ndiye kipimo: lililokuwa jema kwa mababu limetimia kwake, na lililokuwa baya linahukumiwa naye. Charles Nyamiti wa Tanzania alifuata njia iliyo jirani, akimwita Kristu Babu wetu kwa sababu ya undugu wake nasi na upatanishi wake. Kwa hiyo mpatanishi anabaki mmoja.

Nne, na hapa ndipo parokia zetu zinaharibu: neno. Msitumie "mizimu". Kwa Mashi "abazimu" ni wafu wanaoogopwa, wanaotulizwa wasidhuru nyumba. Mtu akisikia "mizimu" kanisani, akili yake inakwenda kwenye kutambika moja kwa moja. Semeni "mababu zetu wenye moyo mnyoofu" au "wazee wetu waliotutangulia wenye moyo mnyoofu". Na sifa ile isikatwe hata siku moja kwa ajili ya wimbo kuwa mfupi. Bila "moyo mnyoofu" maana yote inabadilika. Wala hakuna kumwaga kasiksi, pombe yetu ya ndizi, chini, wala kuweka chakula. Atakayeongeza hayo kwa kusema ni utamaduni, ametoka kwenye riti.

Kuhusu mtu wa njia mbili: anakwenda usiku kwa sababu mchana hakuna aliyemwambia wafu wake wako wapi. Homilia ya dakika 5 kuhusu wafu katika Kristu, Dominika moja kabla ya sikukuu, itamsaidia kuliko marufuku.

Mwanafunzi_wa_Biblia_Goma

Nashukuru kwa ufafanuzi, ndugu. Tofauti ya kuuliza na kuomba mtu awe pamoja nawe nimeielewa. Bado kwangu kumwambia marehemu "uwe nasi" ni sala, na sala naielekeza kwa Mungu peke yake. Lakini hoja ya mtu wa usiku ni ya kwetu sote. Sisi pia tumelaani mizimu mimbarini miaka mingi, bila kumfundisha mtu ashike nini mtoto wake anapougua.

Kijana_Bagira

Shikamooni wazee. Tunaandaa orodha ya majina ya kuitwa mwanzoni. Wengine wanataka Mgr Munzihirwa atajwe. Inaruhusiwa?

Katekista_Kadutu

Marahaba mwanangu. Kwenye mwito wa watakatifu, hapana. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, na kesi yake ya kutangazwa mwenyeheri imefunguliwa, lakini hajatangazwa. Kumwita hadharani katika liturjia kabla Kanisa halijasema kunaweza kuiletea kesi yenyewe shida. Mtajeni katika mahubiri, mshukuruni Mungu kwa ajili yake. Na mnapowaita wenye moyo mnyoofu, kila mmoja anajua rohoni mwake nani yumo.

Mnaoweza kuwaita: Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro 1964 na kutangazwa Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Mwenyeheri Bakanja, aliyetangazwa 1994. Kwa majirani wa Uvira, wale wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Giovanni Didonè, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert, waliotangazwa Uvira Agosti 2024. Na Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana aliyekuwa kazini kwenye ukaguzi wa bidhaa mpakani, akakataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite, akauawa 2007. Alitangazwa Roma Juni 2025. Kwa kuwa heshima ya hadhara kwa wenyeheri ina mipaka ya majimbo, peleka orodha yako kwa paroko aulize askofuni. Majina yasizidi 7. Mwito mzima uchukue dakika 4, la sivyo unageuka litania na watu wanachoka kabla ya Utukufu.

Kijana_Bagira

Asante sana Papa. Na mtangazaji tumchague vipi? Tuna kaka mmoja anayeongoza arusi, ana sauti nzuri sana.

Katekista_Kadutu

Sauti yake nzuri ndiyo ya kuangalia. Mtangazaji katika riti hii anawafungulia watu mlango: anawasalimu, anawaambia tunaadhimisha nini, anawaalika kusimama, kuinama, kukunja mikono kifuani wakati wa toba. Kila mwaliko sentensi 2, zisizidi 3, zilizoandikwa na kuonyeshwa kwa paroko. Muongoza arusi anazoea kujaza kimya. Baada ya mahubiri na baada ya komunyo kimya kinahitajika, mtu wa aina hiyo atakivunja. Chagueni mama au baba anayesoma vizuri na kusikilizwa katika shirika lake, yaani jumuiya yake ndogo ya Kikristo. Wasomaji nao mkumbuke wanakwenda kwanza kwa padri, wanainama, wanaomba baraka, ndipo ambo.

Caritas_Shirika

Matoleo, tafadhali, msiyapite. Hapa saa inapotelea.

Watu 60 wenye vikapu, wakicheza hatua moja mbele na nusu nyuma, katika njia ya mita 30, wanaweza kuchukua dakika 20. Punguzeni: kila shirika litume watu 2, vitu vingine vipangwe mapema pembeni ya mlango wa sakristia. Sadaka ya pesa ikusanywe kabla msafara haujaanza. Maharagwe, makaa, sabuni na chumvi viwekwe mahali palipoandaliwa mbali na altare. Juu ya altare ni mkate na divai peke yake, vinavyofika mwisho, na waletaji wanasema maneno yao machache ya kutolea. Mbuzi abaki nje na mtu wa kumshika. Akipiga kelele wakati wa sala, watoto wote wanageuka.

Na jambo linalouma: orodha ya watakaopokea iwe tayari kabla ya Misa, imetoka kwenye mashirika, na vitu vigawanywe siku ile ile au kesho yake. Matoleo ya maskini yakilala wiki tatu kwenye bohari ya parokia mpaka maharagwe yanatobolewa na wadudu, mtafundisha nini tena kuhusu amani iliyotangulia sadaka?

Msomaji_wa_Mulago

Hapo Caritas umegusa lawama ambayo Bujo mwenyewe aliitoa kwa teolojia ya Kiafrika: imezungumza sana juu ya utamaduni na kidogo juu ya njaa.

Neno moja juu ya mkate na divai, maana vijana wanauliza kama tungetumia mkate wa muhogo na kasiksi. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inataka mkate wa ngano na divai ya zabibu, na riti yetu haikubadilisha hilo. Jean-Marc Ela wa Kameruni aliuliza kwa uchungu kwa nini mkulima wa mtama alishwe tunda la mashamba ya wengine. Swali lake bado ni zito, na seminarini lijadiliwe. Parokiani msijaribu: Misa hiyo si halali, na watu waliokuja kupokea Ekaristi watakuwa wamenyimwa.

Mama_wa_Panzi

Je, amani? Kwetu dakika 3 zilizopangwa zinakuwa 12. Watu wanavuka kanisa zima.

MamaKorali_Ibanda

Mama, korali isianze wimbo wa furaha palepale. Anza kimya, watu wapeane mikono na walio karibu, mbele, nyuma na pembeni. Baada ya dakika 2 wimbo mfupi wa beti moja, ukiisha mtangazaji anaalika sala ya waamini. Lakini mkijua kuna familia mbili za shirika moja zenye ugomvi, na paroko amezungumza nao wiki ile, waacheni hao wavuke kanisa. Hizo dakika hazihesabiwi.

Kijana_Bagira

Na Kwaresima inafaa?

Katekista_Kadutu

Inafaa, ila Utukufu haupo, kwa hiyo kuizunguka altare kwa ngoma hakupo. Toba baada ya Neno inabaki, na wakati huo inazaa kuliko siku ya sikukuu.

Kwa kipimo cha saa: mkianza saa 3:00, mwingilio na mwito viishe 3:15, Utukufu na sala 3:25, Nasadiki iwe imeisha 4:05, toba, maji na amani 4:20, matoleo yamefika 4:40, komunyo imeisha 5:15, baraka 5:25. Mahubiri yakipita dakika 20, punguzeni matoleo, msiguse toba.

Mtunza_Sakristia

Nimesahau. Maji yaliyobarikiwa yakibaki, yasimwagwe kwenye mtaro. Wapeni watu waende nayo nyumbani, yanayobaki yamwagwe kwenye udongo safi wa bustani. Matawi ya sipresi yakaushwe, yachomwe. Ndoo ioshwe siku hiyo hiyo, chumvi ikiwa ilitiwa inakula chuma.